Hesabu za SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) zisipolingana: dhana potofu na ukweli

Dhana: COUNT(*) na COUNT(simu) ni mamoja.
Sivyo. Ya kwanza huhesabu kila mstari, ya pili huruka mistari yenye NULL (thamani isiyojazwa) kwenye safu hiyo. Kwa wateja 1,000, kama 120 hawana namba, utapata 880.

Dhana: walio hai ukijumlisha na wasio hai, unapata wote.
Hapa ndipo wengi hukwama. `hali = 'hai'` inatoa 700, `hali <> 'hai'` (isiyo sawa na 'hai') inatoa 240, jumla 940. Wale 60 wameenda wapi? Hali yao ni NULL. Ukilinganisha kitu na NULL, jibu haliwi kweli wala uongo, na WHERE hupitisha kweli tu. Kabla hujaanza kubishana na mhasibu, endesha hii:

`SELECT hali, COUNT(*) FROM wateja GROUP BY hali;`

NULL itajitokeza kwenye mstari wake, kisha uongeze `OR hali IS NULL` panapohitajika. NOT IN (isiwe kwenye orodha) ni hatari zaidi: hoja (query) ya ndani ikirudisha NULL moja tu, hupati mstari hata mmoja, wala hakuna ujumbe wa kosa. Tumia NOT EXISTS.

Dhana: jumla ikivimba baada ya JOIN (kuunganisha majedwali), dawa ni DISTINCT (kuondoa zinazojirudia).
Oda ya shilingi 30,000 iliyolipwa kwa awamu mbili hutokea mara mbili ikiunganishwa na malipo, na SUM inasoma 60,000. Ukiweka `SUM(DISTINCT kiasi)`, oda mbili tofauti za 30,000 zitahesabiwa kama moja, yaani umehama kosa hadi kosa. Jumlisha malipo kwanza kwa kila oda ndani ya hoja ndogo (`GROUP BY oda_id`), ndipo uunganishe.

Dhana: BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31' ni Machi nzima.
Safu ikiwa na saa, mwisho ni 00:00:00 ya tarehe 31, hivyo mauzo ya siku hiyo karibu yote yanabaki nje. Andika `tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'`. Seva ikitunza saa za UTC (zilizo nyuma ya za Dar es Salaam kwa saa tatu), mauzo ya Dar es Salaam ya kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri huangukia siku iliyopita.

Dhana: TABLE_ROWS ya information_schema (taarifa za MySQL kuhusu majedwali yake) inatosha kujua idadi ya mistari.
Kwa majedwali ya InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) hayo ni makadirio, yanayoweza kupishana na idadi halisi kwa asilimia 40 hadi 50.