Baunsi ni nini? Namna mashini ya pisti nne inabebaga byombo kumi

Batu bengi bakiona ile mashini ya zamani ya kaseti yenye pisti nne (pisti ni njia moja ya sauti kwenye bande), swali ya kwanza inakuwaga moja: sasa pisti nne zitatosha nini? Orkesta ndogo tu iko na gitaa ya solo, ya mi-solo, ya akompa (ile ya kushikilia), besi, ngoma, halafu baimbaji, na hapo haujahesabu ile chupa ya Fanta tunapigaga na kisu. Jibu njo baunsi.

Baunsi ni kuchukua pisti mbili ao tatu zenye zimekwisha kurekodiwa, kuzipiga pamoja, na kurekodi muchanganyiko wao kwenye pisti yenye ingali wazi, ndani ya mashini ile ile. Ukimaliza, zile za kwanza zinakuwa huru, unarekodi bintu bingine juu yake. Ni hiyo tu. Lakini matokeo yake iko marefu, na njo yenye inafanyaga mutu ashike pamba na alkoli ya kusafisha mashini kabla hajashika gitaa.

Tuanze na pisti yenyewe. Bande ya kaseti iko na upana wa karibu milimita 3.8, haifike hata nusu sentimita. Redio-kaseti ya kawaida inaigawanya mara nne, mbili za upande A, kushoto na kuume, na mbili za upande B zenye zinaenda kinyume. Mashini ya pisti nne inachukua zote nne na kuzipeleka upande mmoja, kwa hiyo hakuna tena upande B. Kampuni ya TEAC njo walitoa ya kwanza ya namna hiyo mu 1979, Portastudio 144, na wakaongeza kitu: bande inakimbia mara mbili, sentimita 9.5 kwa sekunde pahali pa 4.76. Bande ikikimbia hivo treble, zile sauti nyembamba za juu, inashikwa muzuri na ule mchakacho wa bande, ile shhhh, unapungua, paka kaseti ya dakika 60 inakubakishia dakika 15. Sebene mbili ndefu, kile kipande cha gitaa cha kuchezesha batu, na kaseti imekwisha.

Kurekodi pisti mingi ilikuwa mambo ya studio kubwa mbele yake. Les Paul, mupiga gitaa kule Marekani, alipata mashini ya Ampex ya pisti nane mu 1957, na ilikuwa kitu ya bei ya nyumba. Huku kwetu Katanga, wakati Hugh Tracey, mwenye alikuwa anakusanyaga miziki ya Afrika, alimurekodi mupiga gitaa Mwenda Jean Bosco mu 1952 kule Jadotville, leo Likasi, hakukuwa na mambo ya kuongeza pisti nyuma: gitaa na sauti vinaingia pamoja, vidole vikiteleza unarudilia wimbo mzima.

Sasa turudi kwa baunsi, tuione kazi yake. Pisti 1 unaweka akompa. Pisti 2 besi. Pisti 3 ngoma. Halafu unawasha rekodi kwenye pisti 4, unapiga zile tatu pamoja, na wakati huo huo mutu mwingine anapiga chupa mbele ya mikro, ile chupa inaingia moja kwa moja mu pisti 4. Hapo pisti moja iko na bintu bine. Unarudi mwanzo: pisti 1 mi-solo, pisti 2 sauti ya chini, unazipeleka pisti 3 na mutu wa tatu anaimba live, ni bitatu tena, jumla saba. Pisti 1 unaweka kitu kingine, unakipeleka pisti 2 na kingine live, tuko tisa. Inabakia pisti 1, njo unaweka sauti kubwa ya wimbo. Kumi. Na hakuna hata kimoja kimepita kwa baunsi zaidi ya mara moja, hesabu mwenyewe.

Muzuri sana kwa karatasi. Sasa shida.

Ya kwanza, baunsi ni mikisaji yenye haina kurudi. Bengi banafikiri kumiksi ni kazi ya mwisho, unakaa na kahawa yako unapandisha hiki unashusha kile. Kwa pisti nne hapana, siku ya kwanza tu, mbele hata mwimbaji hajafika, umekwisha kuamua besi iwe kubwa namna gani kushinda ngoma, na ukifuta zile pisti tatu ni sawa chumvi mu sombe, hauitoe tena. Tena byote bimekuwa mono, bimekaa fasi moja, hauwezi tena kupeleka akompa kushoto na ngoma kuume. Kwa hiyo mutu mwenye uzoefu anarekodigi akifikiria mbali: bintu bya chini na bya kushikilia, yaani besi, ngoma, akompa, njo binaingia baunsi kwanza. Sauti kubwa na gitaa ya solo unazichunga za mwisho, zisikilizwe mbichi. Ngoma na chupa unaziongeza treble kidogo tu mbele ya kuzipeleka ju zitaipoteza njiani, lakini usizidishe kwa pisti 3 wakati unarekodi mu pisti 4, hizo mbili ni majirani kwenye bande, sauti inavuka na mashini inaweza anza kupiga filimbi. Na kama unajiuliza besi iweje, mimi naiwekaga juu kidogo kushinda vile masikio inataka, ju byenye binakuja nyuma bitaifunika.

Ya pili ni mchakacho. Kila pisti iko na shhhh yake. Ukipeleka tatu kwa moja na umeacha vitufe vyote sawa, unapata shhhh tatu jumlisha ile ya pisti mpya, ni nguvu mara nne, desibeli 6 zaidi. Ndio maana pisti yenye haipigi kitu mu kipande fulani unaishusha mpaka chini, usiiache wazi bure. Na njo maana mashini hizi nyingi ziko na dbx, kile kitufe cha kupunguza mchakacho, kinabana sauti wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kusikiliza.

Hapa njo usafi unaingia, na batu hawaelewi ni ju ya nini nasema matengenezo na mikisaji ni kazi moja. Ile dbx ikifungua sauti, inafungua na makosa yake, mara mbili. Uchafu kwenye tete, kile kichwa cha mashini chenye kinagusaga bande na kuisoma, ukikula desibeli 3 za treble, wewe utasikia zimepotea 6. Halafu unafanya baunsi, sauti inapita tena kwenye tete ile ile chafu, zinapotea zingine. Mutu anakuja kulia kama mashini imekufa, kumbe ni vumbi. Lubumbashi hapa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, ile vumbi nyekundu inaingia hata mu friji, sasa fikiria mashini yenye inakaa wazi kwenye dirisha la barabara ya Katuba.

Kuisafisha si uchawi. Alkoli ya isopropili, ile ya asilimia 90 na kupita, si ile ya kupaka kidonda yenye maji mengi, na si manukato. Unachovya kijiti cha pamba, unapanguza tete mpaka pamba inatoka nyeupe, kwanza itatoka ya kahawia, hiyo ni bande yenyewe yenye imebakia pale, oksidi ya chuma. Halafu kile kinguzo chembamba cha chuma chenye kinavutaga bande, kinashikaga uchafu kushinda tete na batu banakisahau. Kagurudumu ka mpira kenye kanagandamiza bande juu ya kile kinguzo, usikazoeze alkoli, mpira inakauka na kupasuka, maji na sabuni kidogo inatosha. Unangoja byote bikauke njo unaweka kaseti. Mbele ya kila baunsi, si mara moja kwa mwaka!

Kutoa sumaku kwenye tete ni kitu ingine, unafanya kwa nadra, mashini ikiwa imezimwa na kaseti zote mbali, kale kachombo unakawasha mbali, unakaleta polepole, unakatoa polepole mpaka mkono unyooke, halafu njo unakazima. Ukikazima kangali karibu na tete umeiachia sumaku kushinda ile ya kwanza.

Mukanda wa mpira ndani nao unazeeka, wa miaka 40 unalegea ao unageuka kuwa kama lami, na hapo sauti inayumbayumba. Masikio inavumilia kuyumba kwa pisti moja. Lakini baunsi inapiga picha ya ule muyumbo na kuuganda, halafu wakati wa kusikiliza mashini inayumba tena kwa namna yake, hiyo ni miyumbo mbili juu ya besi yako. Badilisha mukanda kwanza, rekodi nyuma.

Na kuran, yaani umeme. Mashini za kaseti ziko na mota ya DC, hertzi (mara ngapi kuran inatikisika kwa sekunde) haiziumize. Lakini kama uko na ile kubwa ya bobini, yenye bande inazunguka wazi bila kaseti, yenye ilitoka Marekani, angalia mota. Zile za zamani nyingi zinafuata hertzi ya kuran, Marekani ni 60, kwetu ni 50. Transfo inashusha volti 220 kuwa 120, hertzi haiguse, kwa hiyo mashini inazunguka polepole karibu asilimia 17, na bande yenye ilirekodiwa kule inashuka nusu-toni tatu na zaidi kidogo. Jenereta ni mbaya zaidi ju hertzi yake inapanda na kushuka vile mafuta inataka: ukirekodi akompa kwa jenereta, kuran ikarudi ukaongeza solo, gitaa mbili hazitakubaliana hata ukiregle kamba mpaka kesho. Baunsi yote imalizie kwa chanzo kimoja cha umeme.

Mwisho wa kazi, unatoa zile pisti nne kwenye ordinateri ao simu, kushoto na kuume, unavunja vile vipande viwili vya plastiki nyuma ya kaseti ili mutoto asirekodi juu, unaandika kwenye boksi nini iko pisti gani na kasi gani. Na usitume kaseti yenyewe kwa yaya wako, ule mukubwa wako, kule Likasi ukisema asikilize: redio-kaseti yake itampigia pisti 1 na 2 polepole mara mbili, akigeuza upande B atasikia 3 na 4 zikirudi nyuma, na atakupigia simu kuuliza kama mumeanza kanisa gani.