Ati prikweli ya komedi haiwezi kufaulu kwa sababu mwisho tunaujua?

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa prodyusa kabisa, mtu ambaye kazi yake ni kuchagua stori: "Nani ataangalia wakati mwisho anaujua?" Kijana alikuwa ameleta wazo la prikweli, yaani spinofu (shoo inayozaliwa na shoo nyingine) ya kurudi nyuma, ujana wa wahusika ambao watu tayari wanawapenda, na wazo likafia mezani kabla hata hajafika ukurasa wa pili. Mimi naandika skripti za komedi hapa Kampala, ndiyo kazi inayonilisha, na hiyo sentensi nimeichoka, banange, nimeichoka kabisa. Sisemi prikweli ni rahisi, ni ngumu sana, lakini ugumu wake uko mahali pengine, na tukiendelea kulaumu mwisho ule ugumu wenyewe hatutauona hata siku moja.

Chukua Young Sheldon, ile prikweli ya komedi ya Marekani The Big Bang Theory inayoonyesha utoto wa Sheldon, manake ndiyo kila mtu anaitaja. CBS walianza kuionyesha Septemba 2017 wakati The Big Bang Theory iko msimu wa 11, ikaenda misimu 7, episodi 141, ikaisha Mei 2024. Sasa mwisho wa Sheldon nani alikuwa haujui? Tulijua atakuwa mwanafizikia kule Pasadena, tulijua atakaa nyumba moja na rafiki yake Leonard, na tulijua jambo zito kuliko yote, kwamba baba yake George atakufa Sheldon akiwa na miaka 14. Shoo mama, yaani Big Bang yenyewe, ilikuwa imeshasema. Kwa hiyo watu walikaa miaka karibu saba wakimpenda mzee ambaye wanajua siku zake zimehesabika, na walivyozidi kumpenda ndivyo walivyozidi kuangalia.

Na sisi Waganda ndio wa kushangaa hilo? Mtu yeyote aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda cha video anajua VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake, anafanya nini. VJ Jingo au VJ Junior anakuambia mapema huyu unayemwona anacheka hapa hatafika mwisho, na ukumbi mzima unakaa wima badala ya kutoka. Ile sauti ya Jim Parsons, aliyemcheza Sheldon mtu mzima, inayosimulia Young Sheldon inafanya kazi hiyo hiyo ya VJ, mtu aliyeshaona filamu yote anakaa pembeni yako anakudokezea, na wewe unaanza kumwangalia George akila, akinywa bia yake, akifundisha vijana mpira wake wa Kimarekani, kwa jicho ambalo yeye mwenyewe hana. Mapema tu, msimu wa kwanza, wanamtia mshtuko mdogo wa moyo. Halafu msimu wa 7, episodi ya 12, anaaga asubuhi kama mtu anayeenda kazini tu, na baadaye familia imevaa vizuri inamsubiri wapige picha ya pamoja, mlango unagongwa, ni wenzake wa kazini. Hakuna kitanda cha hospitali, hakuna muziki mkubwa. Ingekuwa hatujui, hiyo sini ingekuwa mshtuko tu. Kwa sababu tulijua, tulikuwa tumeanza kumlilia miaka kabla.

Basi mwisho kujulikana tuuweke kando.

Swali la kwanza ambalo prodyusa alipaswa kumuuliza yule kijana ni hili: kile kinachochekesha kwenye shoo mama, ukiwarudisha wahusika utotoni, kinaongezeka au kinakufa? Hapa ndipo nyingi zinaanguka. BBC walikuwa na Last of the Summer Wine, ilianza 1973 ikaenda mpaka 2010, wazee wanaofanya utundu wa watoto vilimani Yorkshire. Mwaka 1988 wakaleta First of the Summer Wine, wazee wale wale wakiwa vijana mwaka 1939, mwandishi yule yule Roy Clarke, na hata Peter Sallis aliyekuwa Clegg, mmoja wa wale wazee, akarudi kucheza baba yake Clegg. Ilifika misimu 2 tu. Wengine watakuambia ni mwisho kujulikana. Mimi nasema angalia kinachochekesha: mzee anayetelemka mlima ndani ya beseni anachekesha kwa sababu ni mzee, ukimpa miaka 19 ni kijana anayefanya mambo ya vijana, kicheko kimeondoka chenyewe. The Carrie Diaries, prikweli ya Sex and the City, vilevile, 2013 mpaka 2014, episodi 26 kwenye CW halafu basi. Sex and the City ilisimama juu ya wanawake wazima wanaozungumza bila kificho mambo ambayo watu walikuwa wanayanong'ona, sasa ukimfanya Carrie msichana wa miaka 16 mwaka 1984, kwenye chaneli ya vijana, umeondoa mguu wenyewe halafu unashangaa meza imelala.

Sheldon ni kinyume chake. Mtu mzima mwenye kiburi kile anachosha, ungemkimbia. Mtoto wa miaka 9 mwenye kiburi kile kile, kwenye mji wa Texas wenye kanisa na mpira, baba kocha, mama Mbaptisti wa kweli, hapo kicheko kimeongezeka na huruma imeingia. Na hawakuiga umbo la shoo mama. Big Bang ilirekodiwa mbele ya watu kwa kamera nyingi, vicheko vinasikika, Young Sheldon ikapigwa kwa kamera moja bila vicheko, na haraka sana ikawa shoo ya wazazi. Jina ni la mtoto ila moyo ni George na mkewe Mary. Hilo jambo la wazazi linanifikirisha manake Rock & Chips, ile prikweli ya komedi ya Uingereza Only Fools and Horses, ilifanya hivyo hivyo: waliirudisha miaka ya 1960 wakamweka katikati Joan, mama yake Del Boy mhusika mkuu, na huyo mama, shoo mama inaanza akiwa ameshakufa. Zilitoka filamu 3, ya mwisho Aprili 2011, mwezi ule ule mwandishi wake John Sullivan akafariki, kwa hiyo ingefika wapi hakuna anayeweza kusema.

Haya, sasa lile linaloniudhi zaidi. Watu wa intaneti wanapenda kukamata makosa: shoo mama ilisema hivi, prikweli inasema vile, kwa hiyo imeharibika. Hapana, ngoja, makosa hayafanani. Sitkomu inaandikwa kwa haraka, mwandishi anahitaji utani mmoja saa nne usiku, anamfanya mhusika aseme baba yangu alikuwa mlevi, watu wanacheka, kesho imesahaulika. Miaka kumi baadaye mtu anataka kumwonyesha huyo baba kwa sura na damu. Kila utani wa zamani umegeuka deni. Ila kuna deni linalolipwa, na kuna deni ambalo mdai mwenyewe ameshalisamehe, na kazi ya mwandishi ni kujua lipi ni lipi.

Meemaw, bibi yake Sheldon, kwa mfano. Kwenye Big Bang mwaka 2016 alichezwa na June Squibb, bibi mtamu wa kizamani. Kwenye Young Sheldon ni Annie Potts, anakunywa, anacheza kamari, ana wapenzi. Hakuna maelezo yoyote yaliyotolewa na watu walimeza bila shida, kwa sababu utamu wa yule bibi haukuwa umejenga kitu chochote ndani ya Sheldon. Frasier nayo, spinofu ya Cheers ingawa si prikweli, ilirithi deni baya kuliko hilo: kwenye Cheers Frasier alikuwa amesema baba yake alikufa, halafu huyu hapa Martin, polisi mstaafu, yuko hai sebuleni na kiti chake. Walikaa mpaka 1995 Sam, rafiki yake wa Cheers, alipomtembelea Seattle ndipo wakalipa, kwamba Frasier alisema vile kwa hasira, walikuwa wamegombana. Imetosha. Ilienda misimu 11. Mtu akiwa na sababu ya kudanganya, mtazamaji anamsamehe mwandishi.

Lakini George hakusameheka hivyo. Msimu wa 10 wa Big Bang Sheldon anamweleza jirani yake Penny kwa nini anagonga mlango mara tatu: akiwa na miaka 13 aliingia nyumbani akamkuta baba na mwanamke mwingine. Utani wa kugonga mlango ulikuwa na miaka mingi tayari, wakauwekea kidonda chini yake, na kidonda kikawa tabia yake. Hilo deni lazima lilipwe. Wakati huo huo Lance Barber anamcheza George mpole, mchovu, baba anayejaribu, watu wanampenda kila msimu zaidi, na siku ya kulipa inakaribia. Wakalipa msimu wa 7: yule mwanamke alikuwa Mary mwenyewe, amevaa wigi na nguo za Kijerumani. Baba alikuwa na mke wake.

Kiufundi ni safi sana, nimeisoma na kuirudia kama mtu anayesoma hesabu ya mwenzake. Ila sijui. Inamwokoa George, sawa, lakini inamgeuza Sheldon kuwa mtu aliyebeba kidonda maisha yake yote kwa sababu ya wigi, na mimi sijaamua kama huo ni msiba mkubwa zaidi au ni mwandishi kukwepa. Nimebishana na wenzangu mpaka usiku na kila mtu alirudi nyumbani na msimamo wake. Episodi ya mwisho wanaonyesha Sheldon mtu mzima akiandika kumbukumbu zake, kwa hiyo unaweza kusema yote tuliyoona ni kumbukumbu na kumbukumbu hudanganya. Unaweza. Mimi nikiambiwa hivyo nahisi mlango wa nyuma umeachwa wazi makusudi.

Na kuna bahati ambayo vitabu vya uandishi haviitaji. Usiku wa kwanza Young Sheldon iliwekwa mara tu baada ya Big Bang, watu milioni 17 hivi waliangalia, sauti ni ya Sheldon mwenyewe, na Zoe Perry anayecheza Mary ni binti wa kuzaliwa wa Laurie Metcalf aliyemcheza Mary kwenye Big Bang. Hayo huyapangi. Halafu mtoto anakua, kila mwaka anakaribia yule mtu mzima anayechosha, na ndiyo maana uzito ulihamia kwa kaka yake Georgie na dada yake Missy, mpaka Georgie naye akapewa shoo yake 2024, Georgie & Mandy's First Marriage, na jina lenyewe linakuambia ni ndoa ya kwanza, yaani mwisho wameuandika juu ya mlango.

Kwetu huku wanasema bajeti, nguo na magari ya zamani. Kweli ni gharama, lakini fikiria unachopata. Kampala ya 1994, kampuni ya simu Celtel haijaingia, MTN bado miaka minne, mtu akidanganya asubuhi uongo unaishi mpaka jioni sababu hakuna wa kumpigia, ujumbe unapitia kwa kondakta wa teksi na unafika umepinda. Simu imeua nusu ya komedi tunazoandika leo.

Ningepewa moja ningechukua Papa Shirandula, komedi ya Kenya ambayo hata sisi wa upande huu tuliiangalia televisheni yao ya Citizen ilipofika. Mlinzi anayevaa koti juu ya yunifomu ili mke wake Wilbroda aamini ana kazi ya ofisi. Hicho kicheko kinarudi nyuma bila kufa, kijana mgeni mjini, uongo bado mbichi, siku ya kwanza ya lile koti. Charles Bukeko aliyemcheza Papa tulimpoteza Julai 2020 kwa hiyo sauti ya kusimulia haipo, ningeiweka kwa Wilbroda. Na hapo ndipo nakwama, manake akisimulia yeye lazima niamue alijua lini, na nikisema alijua tangu siku ya kwanza, nitakuwa nimebadilisha miaka yote ambayo watu walicheka wakiamini hajui.