Kipandikizi Kilichofaulu Maabara Bado si Tiba

Kila chuo kikuu kinapotangaza utafiti wa mfupa bandia au haidrojeli (jeli yenye maji mengi) ya kuponya vidonda, simu za maabara yetu haziishi kulia. Maswali ni yaleyale mawili: bei gani, na lini? Tunaelewa. Mtu ambaye goti linamnyima usingizi hana subira ya majarida ya kisayansi. Hata hivyo, malalamiko ya watu waliotozwa fedha ili "waandikishwe kwenye utafiti" yanatulazimu kusema wazi: nyenzo iliyofaulu maabara bado si tiba.

Kwanza hupimwa sumu. Chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 10993, kipande cha nyenzo huweza kulowekwa kwenye majimaji ya kukuzia seli, joto nyuzi 37, kwa saa 24, kisha majimaji hayo huwekewa seli. Zikibaki hai chini ya asilimia 70, zikilinganishwa na zile ambazo hazikuguswa, nyenzo inahesabiwa kuwa na sumu. Kwenye darubini hakuna ubishi. Seli nzima hutandaa na kung'ang'ania sahani. Iliyodhurika hujikunja duara, huachia, huelea. Nimewahi kutupa sampuli ya miezi kadhaa ya kazi kwa ajili ya viduara hivyo.

Ikivuka hapo hufuata vipimo vya mzio, damu na uchakavu, mara nyingi wanyama, kisha kamati ya maadili na mamlaka ya udhibiti, ndipo wagonjwa wachache. Na hapana, kamati haikai na faili kwa kupenda makaratasi. Daktari John Charnley wa Uingereza alianza kutengeneza kikombe cha nyonga bandia kwa teflon. Wagonjwa walitembea vizuri, lakini baada ya miaka michache teflon ikasagika, chembe zake zikachokoza mwili, na nyonga zikalazimika kufunguliwa upya. Mwaka 1962 alihamia polithilini, plastiki nyingine, ambayo aina zake zinatumika hadi leo. Siku ya kwanza, ungejuaje ipi kati ya hizo mbili ingedumu?

Kuruka hatua kuna adhabu. Nchini Sweden, daktari mpasuaji aliyewapandikiza wagonjwa bomba la hewa (trakea) la plastiki alihukumiwa na mahakama ya rufaa mwaka 2023 kifungo cha miaka 2 na miezi 6. Wagonjwa wale walifariki.

Tunaulizwa pia, karibu kila wiki, kama titaniamu, metali ya vipandikizi, itaota kutu mwilini. Haioti kutu ya chuma. Hujifunika utando mwembamba wa oksidi. Mfupa huishikilia kiasi kwamba Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliitumia kushikilia meno bandia ya mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Na wanaouliza kama sumaku itaivuta: titaniamu haivutwi.

Ukialikwa kwenye jaribio, omba fomu ya ridhaa na uende nayo nyumbani kuisoma. Iwe na namba ya kibali cha maadili, jina la mtafiti mkuu, madhara yanayotarajiwa, na haki yako ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu ya kawaida. Ipigie kamati simu, uisome namba hiyo ili waithibitishe. Ukidaiwa ada ya kujiandikisha, usilipe. Toa taarifa kwa mamlaka ya udhibiti, ukiwa na risiti au ujumbe wa simu uliotumiwa.

Na aliye na kipandikizi tayari, tafadhali asitupe kadi ya kipandikizi hicho. Namba ya toleo iliyoandikwa humo ndiyo tunayoitafuta kifaa kinaporudishwa kiwandani.