Msimfungie chumbani

Swali ninaloulizwa mara nyingi na ndugu wa walevi hapa Dodoma ni hili: "Dokta, tukimfungia ndani wiki moja mpaka pombe imtoke, si atakuwa amepona?" Wanauliza kwa nia njema kabisa. Lakini mtu anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi, iwe gongo, komoni au bia, ukimkatia ghafla bila uangalizi unaweza kumzika.

Pombe hupooza ubongo. Ukipoozwa miaka na miaka, ubongo nao huongeza kasi ili mwenyewe aweze kuamka na kwenda shambani. Ukiiondoa pombe ghafla, kasi ile inabaki peke yake. Ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi hauji. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka degedege, hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine wanapanda homa, moyo unaenda mbio na wanaanza kuona vitu. Nimemwona mtu mzima akiokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka, mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele, huku mama yake akininong'oneza kuwa ni majini. Wengine huanzia kwa mganga, na muda ndio unaisha hivyo.

Hospitalini anapewa diazepamu, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana walevi wengi hawali. Mkiona muuguzi anatanguliza vitamini kabla ya dripu ya glukosi, msimgombeze; anajua anachofanya.

Unga, yaani heroini, ni habari nyingine. Arosto, yaani hali inayompata mtumiaji akiukosa unga, inatesa kwelikweli: miayo, makamasi, kuhara, mifupa kuuma. Ila kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, arosto yenyewe huua mara chache. Hatari iko mbele. Akikaa wiki kadhaa bila heroini, rumande au kijijini kwa bibi yake, mwili unasahau kuhimili kipimo cha zamani. Siku anaporudi maskani anatumia kiasi kilekile, na pumzi inakata. Nyumbani wanabaki wanaulizana, "Si alikuwa ameshaacha?"

Ndiyo maana kwa hawa tunatumia methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na siku hizi inapatikana hata hapa Dodoma, Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe, ile ya magonjwa ya akili. Ni dawa ya maji, anainywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, bila malipo. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hapati arosto wala hahangaiki kutafuta kete. Wapo wanaosema tunabadilisha unga kwa unga. Sikubaliani nao. Aliyekuwa akiiba sufuria za mama yake sasa anakunywa dozi asubuhi, kisha anaenda sokoni Majengo kutafuta riziki. Kwangu hiyo ni tiba. Shida kubwa ni nauli: anayetoka Kongwa au Mpwapwa hawezi kuja kila siku.

Methadoni haitibu bangi, mirungi wala pombe. Wazazi wanaokuja kuniomba "ile dawa" kwa ajili ya mtoto anayevuta bangi, huwa nawaelekeza kwenye ushauri nasaha. Na anayetumia methadoni asiichanganye na pombe, maana zote mbili zinapunguza pumzi.

Najua wengi wanaikwepa Mirembe wakiogopa majirani watasema kwao kuna kichaa. Basi anzieni kituo cha afya cha karibu, muombe rufaa. Ila kama tayari ameanguka degedege au anaongea na wasioonekana, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu. Aje na mtu anayejua alikunywa mara ya mwisho lini na kiasi gani, kama aliwahi kuanguka, na dawa nyingine anazotumia, hata zile za kununua dukani.