Siki: soma asilimia, usitazame rangi

Malalamiko tunayoyapokea hapa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kuhusu siki yanaongezeka, na mengi yanafanana: achari imetoa povu na kifuniko kimefura, au mtu ameonja siki ikamchoma koo. Chanzo mara nyingi ni kimoja. Siki imenunuliwa kwa rangi na bei, asilimia ya asidi haikutazamwa.

Siki ya mezani huwa na asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 4 hadi 8. Kwa achari tunataka isipungue 5, yaani gramu 5 katika kila mililita 100. Achari haitakiwi kuzidi pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: ikipanda, ukali unapungua), kwa sababu juu ya hapo vijidudu vinavyotengeneza sumu ya botulizimu vinaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa, na sumu hiyo haina lazima ya kunuka wala kubadilisha ladha. Ukiiongeza maji siki hiyo ya 5, nusu kwa nusu ndiyo mwisho. Embe mbichi, karoti na biringani nazo zina maji yao, ndiyo maana hutiwa chumvi, zikaachwa zitoe maji, kisha zikakamuliwa kabla ya kutiwa siki. Anayeruka hatua hiyo anaipunguza siki bila kujua.

Siki nyeupe ndiyo inayofaa zaidi kwa achari ya ndimu na pilipili, kwa kuwa haiharibu rangi. Ya tufaha ina harufu ya tunda na hufaa saladi na kulainisha nyama, ila huitia achari wekundu wa udongo. Asidi yake ni ileile ya asetiki. Tunaomba wananchi waache kuinywa kavukavu asubuhi ili kupunguza unene: inakula meno na kuchoma koo, na kwa anayetumia insulini au dawa za kukojoa inaweza kushusha potasiamu mwilini. Ya shayiri, ya rangi ya kahawia, ni ya chipsi na samaki wa kukaanga. Ya mchele ni laini, mara nyingi asilimia 4 na kitu, basi iache kwenye kachumbari. Balsamiki, siki nyeusi ya zabibu ya Modena, Italia, ni ya saladi tu.

Siki ya tembo la mnazi ni nzuri kwa mchuzi na kachumbari, lakini ya nyumbani haina kipimo, kwa hiyo isitumike kuhifadhi chakula. Utando laini unaoelea juu yake ni kazi ya bakteria wanaogeuza kilevi kuwa asidi, chuja, endelea. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, ni jambo jengine: mwaga. Suala la uhalali huulizwa kwa masheikh; sisi tunapima asidi.

Na tunapima hivi. Tunachukua mililita 6 za siki, tunatia maji yaliyokenekwa na matone ya finolifthalini (dawa ya kipimo inayogeuka waridi asidi ikiisha), kisha tunadondosha soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya nguvu ya moli 1 kwa lita mpaka ibaki rangi ya waridi hafifu. Kila mililita ya soda iliyotumika ni asilimia moja ya asidi. Zikitumika 5, siki ni ya asilimia 5. Zikitumika 2, umeuziwa maji yenye ukali.

Hatari kubwa zaidi ni asidi kali ya asetiki, ya asilimia 99, inayozimuliwa kwa kukisia na kuuzwa katika chupa za maji ya kunywa. Mkono ukiteleza, siki inatoka na ukali wa kuunguza koo la mtoto. Aliyekunywa asitapishwe, asukutue kwa maji na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kuuza chakula kisicho salama au chenye lebo ya kudanganya ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar namba 2 ya 2006 na marekebisho yake namba 3 ya 2017. "Nimeuziwa hivyohivyo" si utetezi, na tumechoka kuusikia. Muuzaji adai lebo kwa aliyemletea: jina la bidhaa, mtengenezaji, asilimia ya asidi, namba ya toleo na tarehe.

Kwa usafi, siki nyeupe inatosha. Ya tufaha ni hasara. Birika lililoota ukoko wa chokaa, jambo la kawaida kwa maji yetu ya visima vya mawe, tia siki na maji sawa kwa sawa, chemsha, acha saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Usiipake sakafu ya marumaru wala ukuta wa chokaa wa nyumba za Mji Mkongwe, maana asidi inayotoa ukoko ndiyo hiyohiyo inayokula chokaa. Usiichanganye kamwe na Jik: hutoka gesi ya klorini inayobana kifua, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, havina dirisha. Siki haichukui nafasi ya klorini katika kutibu maji ya kunywa.

Achari iwekwe katika kigae au chupa ya kioo, si sufuria ya alumini wala chombo cha shaba. Ukiwa na siki unayoitilia shaka, usiimwage. Ifunge kama ilivyo, andika duka na tarehe uliyonunua, uilete Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.