"Atazoea mikono": mwacheni mama ambebe mtoto wake

Kila siku ya kliniki nasikia maneno yale yale: "Usimbebe-bebe, atazoea mikono." Anayasema bibi, anayasema mama mkwe, anayasema na jirani aliyekuja kuona mtoto. Mama mwenyewe ana kichanga cha wiki 5, hajalala vizuri tangu ajifungue, na bado anatiwa hofu kwamba akimnyanyua mtoto anayelia atamharibu. Basi anamlaza, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na mama naye analia pembeni. Inaniuma, kwa sababu si kweli.

Mtoto wa wiki 5 hajui hila. Analia kwa sababu ana njaa, amelowa, amechoka, anasikia joto au anataka kuguswa, na hana njia nyingine ya kusema. Kujituliza mwenyewe bado hajaweza. Utulivu anaupata kwenye mwili wa mtu mwingine: joto lake, sauti yake, mwendo wake. Mwaka 1986 watafiti Hunziker na Barr, kule Montreal, Kanada, walifuatilia kina mama 99 na watoto wao. Kundi moja liliombwa kuwabeba watoto muda mrefu zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki 6, watoto waliobebwa zaidi walilia pungufu kwa asilimia 43. Kama kubeba kungekuwa kunafundisha kulia, basi hao ndio wangelia zaidi.

Tena wiki 6 ndipo kilio cha kawaida hufika kileleni, hasa jioni, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Mama anayelaumiwa kwamba kamdekeza mwanawe mara nyingi yuko katikati ya kipindi hicho hicho. Hakuna alichokosea.

Namna ya kumbeba nayo ina maana. Mfunge kwa kanga au mbeleko kifuani, uso wake uuone, pua iwe wazi, kidevu kisibanwe kifuani kwake, magoti yawe juu kuliko makalio. Kisha tembea. Watafiti wa Japan walionyesha mwaka 2022 kwamba mtoto anayelia hutulia zaidi akibebwa na mtu anayetembea kuliko anayeketi tu. Wanashauri utembee dakika 5, na akishalala uketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Hizo dakika za kuketi ndizo wengi wanaziruka. Mtoto anafumba macho, anawekwa kitandani papo hapo, anashtuka, halafu watu wanasema, "Unaona? Keshazoea mikono!" Hajazoea. Usingizi ulikuwa bado mwepesi.

Na ile ya "mwache alie apanue mapafu" isituchukulie muda. Mapafu ya mtoto mwenye afya yanakua kwa kupumua.

"Analia, maziwa hayamtoshi." Kilio cha jioni hakipimi maziwa. Fungua kadi ya kliniki: kama uzito unapanda na analowesha nepi mara 6 au zaidi kwa siku, anashiba. Ukimpa maji au uji kabla ya miezi 6, atanyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Hapo ndipo yatakapokuwa hayatoshi kweli. Asali ndiyo usimlambishe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kupoozesha misuli ya kichanga.

"Ni mchango, anunuliwe dawa." Yale maji matamu ya tumbo (gripe water) yalianza kuuzwa Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi yalikuwa na kilevi ndani. Ya leo mengi hayana, lakini hayana pia ushahidi wa kuaminika kwamba yanatibu kilio. Kumpa Piriton, dawa ya mzio, ili alale ni hatari; kichanga anaweza kushindwa kupumua vizuri.

Mama au baba ukihisi hasira inakupanda, usimtikise mtoto hata mara moja. Kumtikisa kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, unywe maji, umwite mtu akupokee. Kupumzika hivyo si kumtelekeza, na mama mkwe aliye nyumbani angesaidia zaidi kwa kumpokea mtoto kuliko kwa kuhesabu mara alizobebwa.

Kilio kingine hakitulizwi nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayetapika kijani, anayepumua kwa shida, aliyevimba utosi au aliyepata degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.