Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege kabla hazijaruka, na nikijitambulisha tu, swali huwa moja: kutoka kiwanja hiki hadi kile ni saa ngapi? Watu hutarajia nigawanye kilomita kwa kasi, nimalize.

Kilomita hazina shida. Ukiambiwa kutoka Heathrow, London, hadi John F. Kennedy, New York, ni kilomita 5,540 hivi, hujadanganywa: ni urefu wa uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia kati ya viwanja hivyo. Kwenye ramani bapa uzi huo hupinda kaskazini, abiria wakadhani rubani anazunguka. Kilichopinda ni ramani.

Sasa gawanya kwa kilomita 900 kwa saa, mwendo wa kawaida wa jeti kubwa. Unapata saa 6 na dakika 9, muda ambao ni nadra kuupata angani. Ile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali wa upepo uendao mashariki, na wakati wa baridi huzidi ukali. Tuseme ni kilomita 150 kwa saa njia nzima. Kwenda London unatumia saa 5 na dakika 17. Kurudi New York, saa 7 na dakika 23.

Wengi hudhani upepo ukikuchelewesha huku utakufidia kule. Jumlisha uone: saa 12 na dakika 40, badala ya 12 na 18 kama hewa ingetulia. Upepo wa mbele unakukalia kwa muda mrefu kuliko ule wa nyuma unavyokusukuma, basi deni halilipiki.

Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilibebwa na upepo wa dhoruba Ciara kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Wapo waliosema imevuka kasi ya sauti. Haikuvuka, kasi hiyo hupimwa ndani ya hewa, si juu ya ardhi.

Siasa nayo hurefusha njia. Urusi ilipofunga anga lake mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka saa 9 na nusu hivi ikafika kama 13, na viwanja havikusogea hata mita moja.

Ratiba pia huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, kutambaa na kupanga foleni ardhini kukiwemo. Na tiketi huandika saa za kila mji: ukitoka London saa 4 asubuhi ukafika New York saa 7 mchana, hukutumia saa 3. Ongeza 5 za tofauti ya majira. Umesafiri saa 8.